Seli za epithelia zikigoma: dalili, sababu na marekebisho kwa maabara za Mombasa

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, fundi wa maabara na mtafiti anayekuza seli za epithelia hapa Mombasa, au jirani kama Kilifi na Kwale. Umejengwa juu ya malalamiko yanayorudi kila msimu: midia (maji yenye chakula cha seli) imegeuka rangi usiku mmoja, ukungu umeingia inkubeta nzima (kabati linalozipa seli joto na gesi), seli zimekaa tu hazikui wala hazifi, matokeo ya wiki hii yanapingana na ya wiki iliyopita. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 20, stima yao haikatiki na maji yao ya bomba hayana chumvi. Kwetu mambo ni mengine. Ndiyo maana humu sababu zinaanzia kwenye chumba, zikaja kwenye vifaa, kisha midia. Seli zenyewe zinashukiwa mwisho, kwa kuwa mara nyingi mno hulaumiwa kwa kosa la joto na unyevu wa pwani.

Seli za epithelia ndizo zinazofunika ngozi, kinywa, njia ya hewa, utumbo, kibofu, mlango wa kizazi na vijifereji vya figo. Virusi vingi vinapoingia mwilini hukutana nazo kwanza. Dawa ya kumeza haifiki kwenye damu bila kuzipita, na saratani nyingi za watu wazima huanzia kwao. Virusi vya chikungunya, vilivyoitesa Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, maabara huvikuza kwenye seli za Vero, epithelia ya figo iliyotolewa mwaka 1962 huko Chiba, Japani, kwa tumbili wa Afrika, wa ukoo mmoja na wale wanaoruka juu ya mapaa ya Diani. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, iliyozinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, inailinda epithelia ya mlango wa kizazi. Kosa dogo la inkubeta linaweza kuishia kuwa jibu la uongo kuhusu dawa ya mgonjwa. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize ukaguzi hata pale unapoonekana wa kitoto.

Anza na chumba

Kabla hujagusa flaski (chupa bapa ya kukuzia seli), tafuta majibu ya maswali manne. Chumba kina nyuzi ngapi saa nane mchana? Stima ilikatika usiku, na kwa muda gani? Trei iliyo ndani ya inkubeta ina maji, na maji hayo yametoka wapi? Nani mwingine ametumia kabati la kufanyia kazi ya seli na chupa za midia tangu siku seli zilipokuwa nzima? Yaandike. Daftari la inkubeta lenye tarehe, joto lililosomwa kwa kipimajoto cha pembeni na saa za kukatika kwa stima hutatua matatizo mengi kuliko chupa mpya ya seramu, ile sehemu ya damu ya ng'ombe inayolisha seli.

Usiiamini peke yake namba inayowaka mlangoni mwa inkubeta. Inkubeta nyingi zina hita tu, hazina namna ya kujipoza. Ili zishike nyuzi 37 chumba lazima kiwe chini ya hapo kwa nyuzi 5 hivi, kwa sababu feni na saketi za ndani nazo zinatoa joto lao. Wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Kiyoyozi kikizimika, inkubeta haina pa kulitupa joto. Itapanda polepole hadi 38, kisha 39. Seli za binadamu zinavumilia nyuzi 35 bila taabu kubwa, zitapunguza mwendo tu. Nyuzi 39 zinaziumiza, na zikipita 40 zinakufa.

Kutokana na hilo, stima ikikatika hatari si ile ambayo wengi wanaiogopa. Inkubeta iliyozimika ndani ya chumba cha nyuzi 31 itashuka taratibu na seli zitasubiri, mradi mlango haufunguliwi. Hatari ipo pale jenereta ndogo inapowashwa kwa ajili ya inkubeta peke yake huku kiyoyozi kimelala. Hapo ndipo seli zinapopikwa. Ikiwa jenereta haiwezi kubeba vyote viwili, fungua madirisha ya chumba, funga mlango wa inkubeta, na soma kipimajoto cha pembeni kila baada ya nusu saa. Kikifika 38, zima inkubeta.

Dalili: midia imegeuka rangi

Midia nyingi zimetiwa fenoli nyekundu, rangi inayoonyesha asidi. Penye pH ya 7.4 inabaki nyekundu. Asidi ikizidi inakwenda rangi ya machungwa kisha manjano. Ikipungua inakuwa waridi iliyokolea, hata zambarau.

Waridi au zambarau kwenye flaski zote kwa pamoja maana yake kaboni dayoksaidi haifiki. Midia inategemea baikaboneti iliyomo ndani yake kusawazishwa na gesi ya asilimia 5. Gesi ikikosekana, usawa unaharibika ndani ya saa chache. Sababu inayoongoza ni mtungi kuisha, na hapa pwani mtungi una tabia ambayo wengi hawafundishwi. Ndani yake kaboni dayoksaidi hukaa kama kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, geji husoma shinikizo lile lile, mtungi uwe umejaa au umebaki robo. Kisha kimiminika kinaisha na sindano inaanguka ghafla. Zaidi ya hapo, joto la chumba likipita nyuzi 31, kimiminika hicho hakiwezi tena kuwepo kama kimiminika, na shinikizo hupanda kwa kasi kila joto linapoongezeka. Kwa hiyo mtungi uliowekwa kibarazani juani unaweza kusoma juu sana ilhali gesi imebaki kidogo. Geji haikwambii kiasi. Upime mtungi kwa mizani, toa uzito mtupu uliogongwa shingoni mwake, na tofauti yake ndiyo gesi uliyo nayo.

Mtungi ukiwa na gesi, fuata mpira: umechomoka, umepinda, umepasuka? Paka maji ya sabuni kwenye viungo uangalie mapovu. Angalia regula (kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi) kama imeliwa na kutu, maana hewa ya chumvi inatafuna shaba na chuma kwa muda mfupi kuliko fundi wa bara anavyotarajia. Angalia pia mpira wa mlango wa inkubeta. Ukikakamaa, gesi inavuja usiku kucha na mtungi wa miezi miwili unaisha kwa wiki tatu.

Flaski moja tu ikiwa waridi na jirani zake ni nyekundu, tatizo ni kifuniko. Kifuniko kisicho na chujio kikikazwa hadi mwisho, gesi haiingii. Kilegeze robo mzunguko.

Manjano huku maji yakiwa maangavu, mara nyingi seli zimejaa na zimekula kila kitu. Zigawe kwenye flaski mpya. Ikiwa flaski zenye seli chache nazo ni manjano, basi gesi imezidi. Vihisi vya zamani, vile vinavyopima jinsi hewa inavyopitisha joto, hudanganywa na unyevu: trei ikikauka au mlango ukifunguliwa mara kwa mara, vinasoma vibaya na kumwaga gesi isiyotakiwa. Jaza trei, funga mlango, ngoja saa kadhaa, kisha hakikisha kwa kipima gesi cha mkononi kabla hujarekebisha chochote.

Manjano pamoja na utusitusi, hasa ikitokea usiku mmoja, hayo ni bakteria. Nenda dalili inayofuata.

Simama uite wenye kazi yao: ukisikia mvumo wa gesi kwenye regula au vali, au watu chumbani wakianza kuumwa kichwa, kuhema haraka au kuhisi kizunguzungu, tokeni nje nyote na mlango uachwe wazi. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hujaa kuanzia chini. Aliyewauzia gesi ndiye atakayegusa vali. Usipake grisi wala mafuta kwenye regula, na mtungi usimame wima ukiwa umefungwa mnyororo.

Dalili: ukungu, utusitusi, au vitu vinavyochezacheza chini ya hadubini

Hili ndilo linaloongoza pwani, na wakati wa masika, Aprili na Mei, linaweza kufunga maabara.

Kwanza tambua ulichonacho. Bakteria ni vidoa au vijiti vidogo sana vinavyojaa katikati ya seli, vingine vikiogelea kuelekea upande wake. Vumbi na mabaki ya seli hutetemeka papo hapo bila kwenda popote. Wengi hutupa flaski nzima kwa sababu ya mtetemo huo. Chachu ni viduara vinavyong'aa, vingine vikiwa na kitoto ubavuni. Kuvu ni nyuzi ndefu zenye matawi, na ukizichelewesha utaona pamba ikielea kwa macho matupu. Ukiwa na shaka, chukua matone ya midia ile, tia kwenye midia safi isiyo na antibayotiki, weka nyuzi 37 hadi kesho. Ikitibuka, umepata jibu.

Sababu ya kwanza hapa kwetu ni jasho la chupa. Chupa ya midia inatoka friji ikiwa nyuzi 4, inaingia kwenye hewa nzito ya Mombasa, na dakika moja baadaye imelowa. Maji yale yanateremka shingoni, yanapita chini ya kifuniko, na kila kijidudu kilichokuwa nje ya chupa kina njia ya kuingia. Ifute chupa ikauke, kisha ipanguse kwa spiriti ya asilimia 70, na usiifungue mpaka spiriti imekauka. Bafu la maji ya moto nalo ni kisima cha bakteria. Mahali pake tumia kipasha joto kikavu, au weka chupa ndani ya inkubeta kavu ya pembeni.

Ya pili ni upepo. Kabati la usalama wa kibayolojia hulinda kwa pazia la hewa linaloshuka mbele yako, na pazia hilo linavunjwa na pangaboi la darini, kiyoyozi kinachopuliza usawa wa kabati, au mtu anayepita nyuma. Zima pangaboi kabla ya kazi. Geuza mdomo wa kiyoyozi. Najua joto linavyokuwa. Hata hivyo pangaboi na kazi ya seli havikai chumba kimoja.

Ya tatu ni makatoni. Katoni la pipeti likinyonya unyevu huota ukungu ndani kabla haujaonekana nje, na kila ukilifungua unamwaga mbegu zake hewani. Fungulia makatoni nje ya chumba, ingiza vifurushi vya plastiki peke yake. Chujio za kiyoyozi zisafishwe kabla ya masika, si baada.

Ya nne ni trei ya maji. Isijazwe kwa maji ya kisima wala ya bomba. Maji yetu mengi ni magumu, mengine ya chumvi. Yanaacha magamba, yanaitoboa chuma ya inkubeta na kukuza utelezi. Tumia maji yaliyokenekwa kisha yakapikwa kwenye otoklevu, na uyabadilishe kila wiki. Wapo wanaotia mrututu kuzuia kuvu. Unafaa penye trei ya shaba, ila kwenye chuma unaharakisha kutu.

Flaski iliyoingiliwa usiifungue ili kuangalia vizuri. Ifunge, itoe, iue kwa otoklevu ya nyuzi 121, au mimina jiki hadi iwe sehemu moja kati ya kumi na uache nusu saa. Kamwe usiingize chenye jiki ndani ya otoklevu, na usichanganye jiki na asidi wala amonia. Mvuke wake unaua mapafu. Baada ya kuvu, inkubeta nzima itolewe rafu na ioshwe. Spiriti ya asilimia 70 haiui mbegu za kuvu, kwa hiyo kama mashine ina mzunguko wa kujisafisha kwa joto kali, tumia huo. Kuongeza antibayotiki ili kuiokoa flaski ni kuficha tu: bakteria wachache hubaki, na utawasambazia wenzako.

Simama: kama uchafu unarudi kwa watumiaji wote wa kabati moja, acheni kulitumia mpaka fundi aliyehitimu apime kasi ya hewa na chujio zake. Kipimo hicho kinatakiwa kila mwaka. Kadhalika, meza ya hewa safi inayokupulizia usoni si kabati la usalama. Usiwekee humo seli za binadamu wala virusi.

Dalili: maji ni safi, rangi ni nzuri, ila seli hazikui

Angalia kwanza yale rahisi. Joto la inkubeta, kama ilivyosemwa. Kisha midia: glutamini iliyomo huoza, na penye nyuzi 37 nusu yake huisha kwa takriban wiki moja huku ikiacha amonia. Chupa inayoshinda mezani kwenye chumba cha nyuzi 32 kila siku haina tofauti kubwa na iliyowekwa inkubeta. Mimina kiasi unachohitaji, rudisha chupa friji. Seramu nayo isigandishwe na kuyeyushwa mara nyingi. Umri wa seli pia uangaliwe; mstari wa seli (ukoo mmoja unaoendelezwa kwa kugawanywa) uliogawanywa mara nyingi kupita kiasi hubadilika tabia, kwa hiyo rudi kwenye akiba iliyogandishwa mapema.

Yote hayo yakiwa sawa, shuku mikoplazima. Hawa ni bakteria wasio na ukuta wa seli, wadogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haiwaonyeshi, midia haitibuki, na wengine hupenya chujio la maikromita 0.2. Penisilini haiwagusi, kwa sababu inashambulia ukuta ambao wao hawana. Wanakula chakula cha seli, wanabadilisha jeni zinazowaka na zinazozimika, na utafiti wa miezi unakuwa habari za mikoplazima badala ya epithelia. Wengi wao hutoka kinywani mwa binadamu, au kwenye seramu ya ng'ombe. Barakoa ivaliwe, na mazungumzo yasubiri mpaka vifuniko vimerudi.

Kipimo ni PCR, inayonakili DNA mpaka ionekane, au rangi inayong'arisha DNA kama DAPI au Hoechst: penye mikoplazima utaona vumbi linalong'aa nje ya kiini, juu ya mwili wa seli. Pima kila mwezi, na seli zozote zinazofika kutoka maabara nyingine zikae karantini mpaka majibu yatoke. Zikiwa nazo, zitupe. Dawa za kuziokoa zipo, ila zitumike kwa seli zisizopatikana kwingine tu, mbali na nyingine, chini ya mtu aliyewahi kufanya hivyo.

Dalili: seli hazishiki, zinabanduka, au zinakataa kubanduka

Zisiposhika kabisa, soma kwanza maandishi ya sahani. Sahani za kuotesha bakteria hazijatibiwa kwa seli na zinafanana sana na zilizotibiwa. La pili, tripsini (kimeng'enya cha kubandulia seli) ilikaa muda mrefu ikatafuna protini za kushikia. La tatu, baadhi ya epithelia, hasa iliyotoka mwilini moja kwa moja, inataka sakafu iliyopakwa kolajeni, protini inayoshikilia tishu.

Zikikataa kubanduka, tatizo kwa kawaida ni uoshaji. Seramu inazuia tripsini, na kalsiamu inazifunga seli pamoja kupitia protini ziitwazo kadherini. Osha mara mbili kwa bafa (maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu. Tripsini nayo hujila yenyewe ikikaa kwenye joto, kwa hiyo ile iliyosahauliwa mezani tangu asubuhi haina nguvu tena. Caco-2 (za utumbo wa binadamu) na MDCK (za figo ya mbwa) zinashikana sana; zipe dakika 10 hadi 15 badala ya kuigonga flaski, maana kuigonga kunatoa mabonge.

Jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu linawafanya watu watupe seli nzima. MDCK na Caco-2 zikishajaa sakafu huinua vijikuba: mahali tabaka limevimba na kuachana na plastiki. Hiyo si dalili ya kufa. Zinasukuma chumvi na maji kutoka juu kwenda chini, kama figo na utumbo vinavyopaswa, na maji hayo hayana pa kwenda. Vijikuba ni ushahidi kwamba viungo kati ya seli vimebana na kwamba seli zinajua upande wa juu na wa chini. Furahi ukiviona.

Dalili: umbo limebadilika

Epithelia yenye afya huonekana kama vigae vya pembe nyingi vilivyobanana, ikikua kwa visiwa. Ukiona seli ndefu nyembamba zikijipanga kwa mikondo, na ulianza na kipande cha tishu, basi fibroblasti, seli za tishu unganishi, zimevamia. Ndilo jambo la kawaida zaidi, kwa kuwa seramu inazikuza haraka kuliko epithelia. Zinabanduka mapema kwenye tripsini, kwa hiyo zitoe kwanza, zimwage, kisha endelea na zilizobaki. Halafu hamia midia isiyo na seramu. Ukihama, kumbuka hakuna tena seramu ya kuizima tripsini. Tumia kizuizi cha tripsini kitokanacho na soya.

Kwa seli za ngozi, kalsiamu ndiyo swichi. Chini ya milimola 0.1 zinaendelea kugawanyika. Zikipata zaidi ya milimola 1 zinakomaa, zinatandazika na kuacha kuzaa. Midia ya kawaida ina kalsiamu nyingi, na maji yasiyokenekwa vizuri huongeza nyingine.

Ikiwa hukuanza na tishu bali na mstari wa seli unaojulikana, seli hizo ndefu zinaweza kuwa epithelia yenyewe iliyoacha kadherini yake na kuanza kutengeneza vimentini, protini ya seli za aina ya fibroblasti, mageuzi yale yale yanayoisaidia saratani kusafiri mwilini. Msongamano mdogo sana wa seli na TGF-beta, protini inayopeleka ishara kwa seli, huyachochea. Thibitisha kwa kupaka rangi protini hizo mbili kabla ya kusema chochote.

Simama: hakuna kuchukua seli za kinywa, za mlango wa kizazi wala mabaki ya upasuaji kutoka kwa mtu yeyote kabla ya idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na ridhaa ya mwenyewe.

Dalili: visima vya pembeni mwa sahani vinatoa namba tofauti

Ni maji yanayokauka. Chumvi ya midia inakolea kupita miliosmoli 320 kwa kilo, na seli zinasinyaa. Jaza trei, punguza kufungua mlango, na visima vya ukingoni uvijaze bafa tupu bila seli. Kama unapima ukinzani wa umeme wa tabaka la Caco-2, kumbuka pia kwamba zinahitaji siku 21 hivi kukomaa, na kwamba namba hupanda midia ikipoa. Ngoja ifikie joto la chumba lisilobadilika, kila mara lile lile.

Dalili: matokeo hayalingani na ya mtu mwingine yeyote

Joto, gesi, midia na mikoplazima vyote viko sawa, na bado seli zako hazijibu dawa kama zinavyosemwa. Hapo uliza swali ambalo watu hulikwepa kwa sababu jibu lake ni ghali: hizi ni seli gani?

Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, seli zilichukuliwa kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks. Hakuombwa ridhaa, na alifariki Oktoba mwaka huo huo. Seli zake, HeLa, zilikuwa za kwanza za binadamu kuendelea kukua bila kikomo kwenye chupa, na zinakua kwa kasi kiasi kwamba tone moja likidondokea flaski nyingine linaimeza. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba mistari mingi iliyodhaniwa kuwa ya viungo mbalimbali ilikuwa HeLa. HEp-2 iliyoitwa ya koo, KB iliyoitwa ya kinywa, Intestine 407 iliyoitwa ya utumbo: zote ni zake. Hadi leo wapo wanaozitumia kama epithelia ya utumbo au kinywa, na makala zao zinaendelea kunukuliwa.

Ukaguzi rahisi ni lebo na daftari: nani aliwapa, lini, mgao wa ngapi. Kisha tafuta jina la mstari wako katika orodha ya ICLAC (kamati ya kimataifa ya uthibitishaji wa mistari ya seli) ya mistari iliyotambuliwa kimakosa. Baada ya hapo, kwa seli za binadamu, peleka sampuli ya DNA ipimwe alama za STR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia), ulinganishe na rekodi ya asili. Ulingano wa asilimia 80 na zaidi huhesabiwa kuwa ni mstari ule ule. Kipimo hicho cha binadamu hakifai kwa Vero, ambayo ni ya tumbili, wala MDCK ya mbwa. Hizo zinahitaji kipimo cha spishi. Na tabia moja ya kuzuia yote haya: mstari mmoja tu ndani ya kabati kwa wakati mmoja, na kila mstari chupa yake ya midia.

Jibu likija kwamba si zile ulizodhani, kazi isimame hapo. Msimamizi aambiwe siku hiyo hiyo, na data ya nyuma isitumike mpaka ijulikane kosa lilianza lini.

Dalili: seli zilizogandishwa haziamki

Kwanza angalia zilihifadhiwa wapi. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ni ya kupitia tu. Miezi ikipita, seli zinapungua uhai, na kila stima ikikatika kwa muda mrefu zinapungua tena. Akiba ya kweli hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zikiletwa kutoka Nairobi kwenye barafu kavu, fungua boksi mara lifikapo uone kama barafu bado ipo. Ikiwa imeisha, usipokee kabla hujaliandika hilo.

Pili, mwendo. Kugandisha kuwe polepole, nyuzi moja kwa dakika, seli zikiwa na DMSO ya asilimia 10, kemikali inayozikinga na barafu. Kuyeyusha kuwe haraka, dakika moja au mbili kwenye nyuzi 37, uache kipande kidogo cha barafu, kisha umimine mara moja kwenye midia yenye joto. DMSO katika chumba cha nyuzi 32 huzidhuru seli haraka, hivyo usianze kuyeyusha kabla kila kitu hakijawa mezani.

Kichupa kilichozama ndani ya nitrojeni kinaweza kuwa kimenyonya kimiminika; kikipata joto, hulipuka. Vaa ngao ya uso na glavu za baridi, na kiyeyushie ndani ya chombo chenye mfuniko. Lita moja ya nitrojeni hutoa lita 700 hivi za gesi isiyo na harufu wala rangi, inayofukuza oksijeni chumbani bila mtu kuhisi. Tangi lisikae kwenye stoo isiyo na dirisha, na halisafirishwi ndani ya lifti pamoja na watu. Ukilikuta limetoa barafu nje ya ubavu wake, kizuizi joto chake kimeharibika: usilijaze tena, hamishia vichupa tangi jingine, na umwite aliyelileta.